Kubeba rantaimu ndani ya programu au kuiacha nje: uamue kabla flashi haijavuka ziwa

Nilimwandikia mama mmoja mwenye depo ya dawa kule Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, programu ndogo ya kuhesabu stoku. Niliiandika kwa C++ hapa Bukavu, ikatembea vizuri kwenye laptopu yangu, nikaiweka kwenye flashi, flashi ikapanda boti ya asubuhi. Saa tisa mchana simu ikalia. "Ndugu, programu yako imekataa. Imeandika Kifaransa tu." Nikamwomba anisomee herufi moja moja: VCRUNTIME140.dll, *est introuvable*, yaani haipatikani.

Kodi yangu, yaani maandishi ya programu yenyewe, haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni maktaba za rantaimu. Kwenye laptopu yangu zilikuwepo tangu siku nilipoweka Visual Studio, zana ya Microsoft ya kuandikia programu, kwa hiyo sikuwahi kuzihisi. Kwenye mashini ya yule mama hazikuwahi kuingia. Akafunga depo siku hiyo akihesabu kwa daftari kama zamani, na flashi nyingine ikangoja boti ya kesho yake. Mwongozo huu nimeuandikia vijana wanaotengeneza programu hapa Bukavu na kuzipeleka Uvira, Idjwi, Bunyakiri au Goma, mahali ambapo huwezi kumwambia mteja "pakua tu" kwa sababu mega zake zinanunuliwa kidogo kidogo na umeme unakuja saa unazotaka wenyewe.

Rantaimu ni kitu gani hasa

Ukiandika `printf`, `new` au `std::string`, wewe hukuandika kazi zilizo nyuma ya maneno hayo. Kuna mtu aliyeziandika, zikakusanywa kwenye maktaba. Maktaba hizo, ambazo programu inazihitaji wakati wa kutembea, ndizo rantaimu. Kompaila inageuza kodi yako kuwa vipande, halafu linka inaviunganisha vipande hivyo na maktaba. Hapo ndipo njia zinagawanyika. Kwa njia ya statiki, linka inachukua kutoka kwenye maktaba zile sehemu unazotumia na kuzitia ndani ya faili yako ya exe, ile anayoibonyeza mteja kufungua programu. Kwa njia ya dinamiki, inaandika jina la maktaba tu, na siku programu inapofunguliwa, mfumo wa mashini ndio unaoitafuta.

Ni kama kwenda ugenini. Unaweza kusafiri na sufuria yako, mzigo ukawa mzito lakini ukifika unapika. Au unasafiri mikono mitupu ukitegemea sufuria ya mwenyeji. Asipokuwa nayo, unalala njaa. Lakini sufuria ya mwenyeji ikitoboka na akaiziba, wageni wote wanapika salama. Yako ikitoboka, ni wewe wa kuiziba. Shika hili la mwisho, nitalirudia.

Kwa upande wa Microsoft, rantaimu ya C na C++ imegawanyika mafungu matatu. `ucrtbase.dll` ina kazi za kawaida za C: mafaili, kumbukumbu, saa. `vcruntime140.dll` inaanzisha programu na kushughulikia makosa yanayorushwa. `msvcp140.dll` ni maktaba ya kawaida ya C++. Fungu la kwanza limekuwa sehemu ya Windows tangu Windows 10, ndiyo maana malalamiko mengi siku hizi yanataja vcruntime. Mashini ya zamani yenye Windows 7 isiyofanyiwa apudeti italalamika kwa jina refu zaidi, `api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll`. Ukisomewa jina hilo kwenye simu, unajua tayari uko kwenye Windows ya umri gani.

Hatua ya kwanza: ijue programu yako inamtegemea nani

Usikisie. Fungua terminali ya Visual Studio, ile inayokuja na kompaila, uandike:

`dumpbin /dependents stoku.exe`

Orodha itakayotoka ndiyo majina ya DLL, yaani faili za maktaba za dinamiki za Windows, ambazo mashini ya mteja lazima iwe nazo. `KERNEL32.dll` na `USER32.dll` zipo kwenye kila Windows, hizo usiziwazie. Ukiona `VCRUNTIME140.dll`, `VCRUNTIME140_1.dll` au `MSVCP140.dll`, hizo ndizo za kutafutia njia. Na ukiona jina linaloishia na D kabla ya nukta, kama `VCRUNTIME140D.dll`, simama hapo hapo: umejenga toleo la kutafutia makosa. Hilo halipelekwi kwa mteja, na Microsoft hawaruhusu DLL zake zisambazwe. Jenga upya kwa Release, yaani toleo la kumpelekea mteja.

Wanaotumia GCC ya MinGW, kompaila nyingine ya Windows, watakuta majina mengine: `libstdc++-6.dll`, `libgcc_s_seh-1.dll`, `libwinpthread-1.dll`. Njaa ni ile ile.

Kwenye Linux, amri ni `ldd ./stoku`. Ila faili uliyopewa na mtu usiyemwamini usiipitishe kwenye `ldd`, kwa sababu kuna hali ambapo amri hiyo inaitembeza faili yenyewe. Tumia `readelf -d stoku` na uangalie mistari yenye neno NEEDED. Inasoma tu, haitembezi kitu.

Hatua ya pili: jibu maswali mawili kwa ukweli

La kwanza: programu yako ni exe moja peke yake, au ni exe pamoja na DLL zako mwenyewe zinazopeana data? La pili: siku kasoro ya usalama ikigunduliwa ndani ya rantaimu, nani atafikisha dawa kwenye mashini ya mteja?

Kama ni exe moja, inayosafiri kwa flashi, kwa mtu asiye na mtandao wa uhakika, mimi nachagua statiki bila kusita. Kama ni exe yenye DLL kadhaa, au unapokea vipande vya watu wengine, chagua dinamiki halafu ubebe rantaimu kando. Ukubwa wa faili usikusumbue sana kwenye uamuzi huu. Statiki inaongeza kilobaiti mia kadhaa, na kwenye flashi hiyo si kitu. Nimeona vijana wakijadili ukubwa nusu saa nzima na kusahau swali la DLL ngapi, ambalo ndilo linaloangusha programu.

Hatua ya tatu: kuweka statiki kwenye Visual Studio

Kwenye Visual Studio ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, bonyeza mradi kwa kitufe cha kulia, ingia Propriétés, C/C++, Génération de code, halafu Bibliothèque runtime. Utakuta chaguo nne. `/MD` ni dinamiki, `/MT` ni statiki, na `/MDd` na `/MTd` ni ndugu zao wa kutafutia makosa. Juu ya dirisha hakikisha umechagua Release, maana mtu anabadilisha Debug, anajenga Release, halafu anashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Weka `/MT`, jenga upya kila kitu toka mwanzo, halafu rudi kwenye `dumpbin`. Majina ya vcruntime na msvcp lazima yawe yametoweka.

Anayetumia CMake, zana ya kuongoza ujenzi wa programu, kuanzia toleo 3.15, aweke hivi:

`cmake_minimum_required(VERSION 3.15)`
`project(stoku CXX)`
`set(CMAKE_MSVC_RUNTIME_LIBRARY "MultiThreaded$<$<CONFIG:Debug>:Debug>")`

Mstari wa tatu uwe juu ya `add_executable` zote. Ukiuweka chini, haugusi kitu, na CMake haitakuonya.

Kwa MinGW ni rahisi zaidi: ongeza `-static` mwishoni mwa amri ya kuunganisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo moyo wa kazi yote hii. Uamuzi wa statiki au dinamiki si wa faili moja. Ni wa kila kipande kinachoingia kwenye exe. Mimi nilikuwa na maktaba ya kuchapa risiti kwenye printa ndogo za joto, niliyopewa na mtu ikiwa imekwisha kujengwa, faili ya .lib bila kodi yake. Nilipoweka `/MT`, linka ikanijibu na kosa LNK2038: kwenye `RuntimeLibrary`, thamani `MD_DynamicRelease` hailingani na `MT_StaticRelease`. Maana yake ni wazi: maktaba ya risiti ilijengwa ikitegemea sufuria ya mwenyeji, na mimi nimekuja na yangu.

Kosa hilo ni rafiki yako, linakuzuia mlangoni. Utakutana na watu watakaokushauri kulinyamazisha kwa `/NODEFAULTLIB`, inayoiambia linka iache maktaba za kawaida. Usikubali. Ukilazimisha, programu inaweza kuunganika, ikatembea wiki mbili, halafu ikaanguka siku ya hesabu ya mwisho wa mwezi, na hutajua pa kuanzia. Njia ya halali ni moja kati ya hizi: mwombe aliyekupa maktaba akujengee ya `/MT`, au akupe kodi uijenge mwenyewe, au rudi wewe kwenye `/MD`. Mimi nilimwomba, alikuwa Goma, akanitumia baada ya siku tatu.

Ndiyo sababu napenda maktaba zinazokuja kama kodi. SQLite ni mfano mzuri kuliko yote: iko wazi kwa umma bila masharti ya leseni, na kodi yake nzima inapatikana kama faili moja, `sqlite3.c`. Unaiingiza kwenye mradi wako, inajengwa kwa chaguo lile lile la rantaimu kama kodi yako (mradi wa CMake uongeze C kando ya CXX kwenye mstari wa `project`), na ugomvi unaisha kabla haujaanza. Stoku yote ya yule mama inakaa ndani ya faili moja ya SQLite, na exe ni moja.

Hatua ya nne: ukiwa na DLL zaidi ya moja, rudi kwenye /MD

Tuseme programu yako ina exe na DLL mbili ulizoandika, na zote umezijenga kwa `/MT`. Kila moja sasa imebeba nakala yake ya rantaimu. Mashini moja, programu moja, lakini madaftari matatu ya hesabu yasiyojuana.

Exe ikifungua faili kwa `fopen` na kumpa DLL kile kielekezi cha `FILE*`, DLL inatafuta kwenye daftari lake na haikuti kitu kama hicho. Kosa likiandikwa kwenye `errno`, pale namba ya kosa inapowekwa, ya upande mmoja, upande mwingine unasoma sifuri na kuamini mambo ni sawa. Kumbukumbu iliyoombwa huku na kuachiliwa kule, au `std::string` iliyovuka mpaka kati ya vipande viwili vyenye nakala tofauti, inaweza kuharibu data kimyakimya. Makosa ya namna hii ni magumu kwa sababu pale programu inapoanguka si pale ilipokosewa.

Kwa hiyo hapa `/MD` kwa wote, bila kuacha hata kimoja, ili nakala ya rantaimu iwe moja na daftari liwe moja. Hata hivyo jizoeze adabu hii: aliyeomba kumbukumbu ndiye anayeiachilia. DLL ikikupa kitu, ikupe pia kazi ya kukirudisha.

Hatua ya tano: kufikisha rantaimu iliyo nje

Ukishachagua dinamiki, usimwachie mteja kazi ya kutafuta. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kisakinishi cha Microsoft chenyewe, `VC_redist.x64.exe`. Ni kama mega 25 na hakihitaji mtandao wakati wa kusakinisha. Kipakue mara moja mjini, kiweke kwenye kila flashi unayotoa, na mwandikie mteja kwenye karatasi: "Bonyeza hii kwanza." Kinataka ruhusa ya msimamizi wa mashini, kwa hiyo kwenye mashini za ofisi muulize mwenye nenosiri kabla hujasafiri. Kisakinishi hicho kimoja kinatosha kwa programu zilizojengwa kwa Visual Studio 2015, 2017, 2019 na 2022, kwa sharti kwamba kisiwe cha zamani kuliko kompaila yako. Sharti hili si maneno ya karatasi tu. Visual Studio 2022 ilipofika toleo 17.10, `std::mutex`, kufuli la kuzuia kazi mbili zisiguse data moja kwa pamoja, ilibadilishwa namna inavyoanzishwa, na programu iliyojengwa kwa toleo hilo ikikuta `msvcp140.dll` ya zamani kwenye mashini, inaanguka inapoigusa mutex hiyo. DLL ipo, jina ni lile lile, ila ni ya umri mwingine. Kila unapoapudeti Visual Studio, badilisha pia kisakinishi kwenye flashi.

Ya pili ni kuweka DLL kando ya exe, kwenye folda moja. Kwa kawaida Windows inaanza kutafuta kwenye folda ya programu yenyewe, na Microsoft wanaruhusu. Zichukue kwenye folda ya Visual Studio iitwayo `VC\Redist\MSVC`, ndani ya x64 (biti 64) au x86 (biti 32) kulingana na exe yako. Usisahau `vcruntime140_1.dll`, programu nyingi za biti 64 zinaihitaji tangu Visual Studio 2019, na watu wanabeba ile isiyo na `_1` peke yake. Ukichanganya DLL za biti 32 na exe ya biti 64, utapata kosa 0xc000007b.

Na tafadhali, usipakue DLL moja moja kwenye zile tovuti zinazozitoa bure. Hujui aliyeiweka ni nani wala ameongeza nini ndani. Nimesafisha mashini ya sibekafe moja pale Nyawera iliyojaa virusi, na mwenyewe alikumbuka vizuri kwamba siku ya kwanza alikuwa anatafuta DLL tu.

Linux kwa ufupi

Hapa jina la kukumbuka ni glibc, maktaba ya kawaida ya C kwenye Linux nyingi. Ukijenga kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, na seva ya mteja ni Ubuntu 20.04, yenye 2.31, utaambiwa `GLIBC_2.34` haikupatikana. glibc mpya inaitembeza programu ya zamani; kinyume chake hapana. Dawa ya kwanza, na ndiyo ninayotumia mara nyingi, ni kujenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayoihudumia, ndani ya kontena au mashini ya kubuni (virtual machine). Kisha ongeza `-static-libstdc++ -static-libgcc` ili upande wa C++ ubebwe ndani.

Unaweza kuweka `-static` kamili, lakini glibc haipendi kubebwa hivyo. Ukitumia `getaddrinfo` kutafuta anwani ya seva, linka itakuonya kwamba bado programu itahitaji maktaba za glibc ya toleo lile lile wakati wa kutembea. Onyo hilo ni la kweli. Kwa statiki kamili tumia musl, maktaba nyingine ya C, ile iliyo ndani ya Linux iitwayo Alpine, ambayo imetengenezwa ikifikiria jambo hili. Wanaoandika Go wana raha: `CGO_ENABLED=0 go build` na faili inatoka haitegemei mtu.

Leseni nayo iangalie. glibc iko chini ya LGPL: ukiibeba ndani ya programu ya kuuza iliyofungwa, lazima umpe mteja namna ya kuiunganisha upya na glibc nyingine. musl iko chini ya MIT, haina sharti hilo. libstdc++ na libgcc zina ruhusa yao maalum, hazikufungi.

Hatua ya mwisho: mashini tupu, halafu daftari

Laptopu yako haiwezi kukwambia ukweli, kwa sababu ina kila kitu. Tafuta mashini iliyoformatiwa karibuni, au tengeneza Windows ya kubuni isiyo na chochote, upige nakala yake ikiwa bado safi. Kopi folda kutoka kwenye flashi, zima mtandao kabisa, fungua programu, ingiza dawa tatu, chapa risiti, funga, fungua tena. Kuona dirisha limefunguka hakutoshi: DLL nyingine inaitwa pale tu unapobonyeza kitufe cha kuchapa.

Sasa lile la sufuria iliyotoboka. Mwaka 2002 kasoro iligunduliwa kwenye zlib, maktaba ya kubana data: kumbukumbu moja iliachiliwa mara mbili. Waliokuwa na zlib ya dinamiki walibadilisha faili moja, ikaisha. Programu zilizoibeba ndani zilibidi zitafutwe moja moja na kujengwa upya. Mwaka 2014 kasoro iitwayo Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, ikarudia somo lile lile. Anayechagua statiki amejipa kazi hiyo, na kwa wateja wasio na mtandao hakuna atakayemfanyia.

Mimi nina daftari la karatasi, la kurasa 96. Kila programu inayotoka naandika: mteja, kijiji, tarehe, toleo la programu, toleo la kompaila, `/MT` au `/MD`, na kila maktaba niliyobeba ndani pamoja na namba yake. Yule mama wa Idjwi yuko ukurasa wa nne: `/MT`, SQLite ndani, maktaba ya risiti ndani. Siku SQLite ikitoa toleo la kuziba kasoro, nafungua daftari, napitisha kidole kwenye safu hiyo, na najua flashi ngapi zinapanda boti na ngapi zinapanda gari la Uvira.